MLANGO GANI TUBISHE? Maneno Juu ya Mashtaka ya Ubaguzi Kazini na Mamlaka ya Kuyasikiliza



Katika mkutano wetu uliopita ilisomwa barua iliyotoka Kanada, aliyoandikiwa mwanachama mwenzetu na mdogo wake. Kijana huyo ni mwendesha lori. Alieleza kwamba kwa muda mrefu alinyimwa safari zenye malipo mazuri, wakapewa wenziwe walioajiriwa nyuma yake. Na alipouliza sababu, akajibiwa kwa maneno ya rangi yake na ya nchi atokayo. Akafanya kama wafanyavyo watu wenye adabu. Hakumpiga mtu, wala hakumtukana mtu. Alikaa akaandika mashtaka yake, akayapeleka kwenye baraza la haki za binadamu la jimbo analokaa. Miezi ikapita. Mwisho akapata barua fupi: mashtaka yako hatuwezi kuyasikiliza, kwa kuwa malori ya mwajiri wako huvuka mpaka wa jimbo, na kazi ya namna hiyo i chini ya sheria ya Serikali Kuu. Alipokwenda kubisha kwenye mlango wa Serikali Kuu, mwaka mzima ulikuwa umekwisha pita tangu tendo la mwisho, akaambiwa amechelewa.

Mmoja wetu aliposikia hayo alisema, "Hilo ni kosa la karani tu, si dhuluma." Makala hii twaiandika kwa ajili ya kulikataa neno hilo. Sisi tulio makarani twajua kuliko watu wote kwamba faili likipelekwa kwenye meza isiyo yake, mtu aweza kuzeeka na haki yake imelala kabatini. Na mara nyingi aliyedhulumiwa hashindwi kwa kuwa hana haki. Hushindwa kwa kuwa hakuonyeshwa mlango.

Yafaa kwanza tueleze mambo yalivyo katika nchi ile, ili tusije tukapigana na kivuli. Kanada ni nchi ya shirikisho, yenye majimbo 10 na maeneo 3 ya kaskazini. Sheria ya mwaka 1867, iliyotungwa na Bunge la Uingereza, iligawanya kazi ya kutunga sheria: mambo haya ni ya Ottawa, mambo haya ni ya majimbo. Neno la kazi na waajiri halikuandikwa waziwazi upande wowote. Mwaka 1925 Baraza la Faragha la Mfalme, huko London, liliamua katika shauri lililotoka Toronto kwamba uhusiano wa mwajiri na mfanyakazi, kwa kawaida yake, ni jambo la majimbo. Tangu hapo Serikali Kuu imebakiwa na watumishi wake yenyewe, pamoja na kazi ambazo zenyewe ni za Shirikisho: benki, reli na malori yavukayo mipaka, meli, ndege na viwanja vyake, posta, simu, redio na televisheni, na mashirika ya Serikali Kuu. Ukiwaacha watumishi wa Serikali, wafanyakazi wa kazi hizo ni kama 6 tu katika kila 100 wa nchi nzima. Waliobaki karibu wote wako chini ya sheria za majimbo.

Basi tazama taabu ya mtu mgeni. Mwendesha lori azungukaye ndani ya jimbo moja, mashtaka yake ni ya jimbo. Mwenzake wa nyumba ya pili, mwenye lori la namna ileile, ambaye bwana wake hupeleka mizigo kila juma jimbo la pili au Marekani, mashtaka yake ni ya Ottawa. Karani wa benki ni wa Ottawa. Karani wa duka lililopakana na benki ni wa jimbo. Mfagiaji wa uwanja wa ndege aweza kuwa wa huku au wa kule, kwa kadiri ya aliyemwajiri na jinsi kazi yake ilivyofungamana na safari za ndege. Mambo haya huwatoa jasho mawakili waliosoma. Sembuse mtu aliyefika juzi, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji?

Kuna watakaosema kwamba ugawaji huu ni jambo la serikali, wala hauhusu rangi. Nasi twajibu kwa habari za watu weusi wenyewe wa nchi ile. Tangu karne ya 19 kampuni za reli za Kanada ziliwaajiri wanaume weusi kuwa watumishi wa mabehewa ya kulala: watandike vitanda, wachukue mizigo, wang'arishe viatu. Abiria waliwaita wote "George", kwa jina la George Pullman mwenye mabehewa, kana kwamba hawakupewa majina na mama zao. Sisi ambao baba zetu waliitwa "boi" wakiwa na mvi kichwani hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mtumishi mweusi hakuweza kupanda cheo akawa kondakta wa behewa, hata akitumika miaka 20. Wakajiunga katika chama chao, na mwaka 1945 wakapata mapatano na kampuni ya reli ya Canadian Pacific. Mshahara ukaongezeka; walakini mlango wa cheo ukabaki umefungwa.

Sasa angalia. Mwaka 1951 jimbo la Ontario lilitunga sheria ya kukataza ubaguzi katika kuajiri. Watu walishangilia Toronto, na ilikuwa haki yao kushangilia. Lakini watumishi wa mabehewa, ambao wengi walikaa mjini humohumo, hawakuweza kushika sheria hiyo na kuipeleka kwa kampuni ya reli, kwa maana reli ni ya Shirikisho. Iliwapasa kungoja mpaka mwaka 1953, Bunge la Ottawa lilipotunga sheria yake kwa waajiri walio chini yake. Ndipo mashtaka yalipopelekwa Wizara ya Kazi, na mwaka 1955 watu weusi wakaanza kuwekwa katika ukondakta. Stanley Grizzle, aliyekuwa mmoja wa viongozi wao, aliishi hata akayaandika mambo hayo katika kitabu. Kwa hiyo tunaposema kwamba mamlaka ya kusikiliza si jambo dogo, hatusemi kwa kubuni. Watu wale walikuwa na haki ileile mwaka 1951 kama waliyokuwa nayo mwaka 1953. Kilichopungua kilikuwa mlango.

Leo mlango huo upo, wala hatutaki kuudharau. Mwaka 1977 Bunge la Ottawa lilipitisha Sheria ya Haki za Binadamu ya Kanada, likaweka Tume ya kupokea mashtaka na Baraza la kuyahukumu. Sheria yataja sababu 13 ambazo kwazo mtu asibaguliwe; miongoni mwake ni rangi, asili, dini, umri, kuwa mwanamke au mwanamume, na ulemavu. Lakini mshtaki hawezi kwenda moja kwa moja mbele ya Baraza. Sharti apite kwanza kwenye Tume. Na Tume yaweza kukataa kuyashughulikia mashtaka kwa sababu kadha wa kadha: kwamba yako nje ya mamlaka yake. Kwamba ni ya upuuzi au ya nia mbaya. Kwamba mwaka mmoja umepita, ijapokuwa Tume yaweza kuongeza muda ikiona inafaa. Au kwamba mshtaki angalifaa kuzimaliza kwanza njia nyingine zilizo wazi kwake. Katika Ontario, tangu mwaka 2008, mtu huyapeleka mashtaka yake mwenyewe mbele ya baraza la hukumu bila kupitia tume. Hivyo watu wawili wa mji mmoja, waliotendwa tendo moja, mmoja aenda mwenyewe mbele ya hakimu, na wa pili angoja bawabu amruhusu. Na akishinda huyo wa pili, fidia ya maumivu ya moyo haiwezi kuzidi dola 20,000, na dola 20,000 nyingine ikiwa tendo lilifanywa kwa kusudi au kwa kutojali.

Turudi kwa watumishi wa Serikali wenyewe, kwa kuwa hao ndio ndugu zetu kwa kazi. Alikuwako mwendesha gari wa Spika wa Bunge la Ottawa. Alidai kwamba alinyanyaswa na kuondolewa kazini kwa sababu ya rangi na asili yake, na mwaka 1997 akayapeleka mashtaka yake kwenye Tume. Bunge likajitetea kwamba lina heshima yake ya kale, na mambo ya watumishi wake hayaingiliwi na mtu wa nje. Shauri likapanda ngazi baada ya ngazi hata likafika Mahakama ya Juu ya Kanada, ikatoa hukumu mwaka 2005. Mahakama ikasema: Bunge halina heshima ya namna hiyo, mwendesha gari huyu naye analindwa na sheria ya haki za binadamu. Hapo mtu angedhani ameshinda. La! Mahakama ikaendelea kusema kwamba mashtaka yake hayakupasa kupelekwa kwenye Tume, bali kwa njia ya malalamiko iliyowekwa na sheria ya watumishi wa Bunge. Baada ya miaka 8 ya mabishano, akaambiwa kwamba haki anayo, ila alibisha mlango usio wake.

Hatuwalaumu mahakimu. Walisoma sheria kama ilivyoandikwa. Lakini twauliza: miaka 8 hiyo nani aliilipa? Bunge lililipwa mshahara wake kila mwezi. Mawakili walilipwa. Aliyelipa kwa maisha yake ni mwendesha gari.

Tena mwezi wa Desemba 2020, watumishi weusi wa Serikali Kuu, wa sasa na wa zamani, walifungua mashtaka ya pamoja katika Mahakama ya Shirikisho. Walisema kwamba tangu mwaka 1970 watu weusi wamezuiwa kuajiriwa na kupandishwa cheo, si na mkubwa mmoja mbaya, bali na desturi nzima ya kazi. Mwezi wa Machi 2025 Mahakama ilikataa kuyapokea kwa namna hiyo. Mojawapo ya sababu zake kubwa ni kwamba sheria ya uhusiano wa kazi ya watumishi wa Serikali Kuu yasema haki ya kulalamika kazini imeshika mahali pa haki ya kushtaki mahakamani. Maana yake, kila mtu alalamike peke yake, juu ya jambo lake, ndani ya muda unaohesabika kwa siku, mbele ya wakubwa walewale anaowalalamikia, ndipo baadaye labda afike mbele ya mwamuzi. Twauliza tena: mtu atathibitishaje ubaguzi wa miaka 50 kwa lalamiko la mtu mmoja? Tone la mvua ukilitazama peke yake husema, "Mimi sikuifurisha nyumba."

Na kubwa kuliko yote ni hili. Mwezi wa Machi 2023 ofisi ya Serikali ya Kanada inayosimamia utumishi iliamua, kwa malalamiko yaliyoletwa na vyama vya wafanyakazi, kwamba Tume ya Haki za Binadamu yenyewe ilivunja sharti la kutobagua katika mapatano yake na watumishi wake weusi na wengine wasio weupe. Kamati ya Baraza la Seneti ikalichunguza jambo hilo, na mwezi wa Desemba mwaka uleule ikatoa taarifa yake. Kumbe bawabu wa mlango wa haki naye alikuwa mwajiri aliye chini ya sheria ileile, na watumishi wake walikuwa wakilia ndani ya nyumba! Wazee wetu walisema, kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Watumishi wale waliokolewa na nini? Waliokolewa kwa sababu ulikuwapo mlango mwingine, nao ni mlango wa vyama vyao. Kama mlango ungalikuwa mmoja tu, na ufunguo uko mkononi mwa mshtakiwa, wangalikwenda wapi?

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu kwa haki, maana hatupendi kumpiga mtu aliyefungwa mikono. Wao husema: njia mbili zilimshinda fisi. Mtu akiruhusiwa kushtaki mahali patatu kwa neno moja, mashauri hayatakwisha. Huku atashinda, kule atashindwa, na mwajiri atavutwa kama ng'ombe wa maonyesho. Tena husema, mwamuzi wa kazi aijua kazi, na hukumu yake ni ya upesi na ya gharama ndogo. Maneno haya yana kweli ndani yake. Sisi nasi hatutaki mtu ahukumiwe mara tatu kwa tendo moja.

Walakini fisi wa mithali alishindwa kwa tamaa yake, alitaka nyama za njia zote mbili kwa wakati mmoja. Mtu wetu si fisi. Yeye hataki njia mbili. Ataka moja, aonyeshwe ni ipi, na akiisha kuifuata asirudishwe mwanzo. Kugawa mamlaka ni kazi ya serikali. Kulipa gharama ya ugawaji huo isiwe kazi ya mnyonge.

Wala tusijidanganye kwamba habari hizi ni za watu wa mbali. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga, mtumishi Mwafrika aliyedhulumiwa alikuwa na njia moja: barua kwa mkubwa wake, na kwa mkono wa mkubwa wake ipande mpaka kwa Gavana, na kwa mkono wa Gavana ivuke bahari mpaka London. Barua ya kumshtaki mtu ilipita mkononi mwa huyohuyo mtu! Ilipokuja Tume ya Holmes, miaka ya 1947 na 1948, ikashauri kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu 3 katika 5 za mshahara wa Mzungu kwa kazi ya daraja lilelile, hapakuwa na baraza lolote lenye mamlaka ya kuuliza, "Kwa sababu gani?" Ilitubidi kungoja tume nyingine, ya Lidbury, miaka ya 1953 na 1954, ndipo kanuni hiyo ikashauriwa iondolewe. Na hata katika siku za uhuru, mwaka 2016 Bunge la Tanzania liliongeza katika Sheria ya Utumishi wa Umma kifungu kinachomtaka mtumishi wa umma azimalize kwanza njia za sheria hiyo kabla ya kushika sheria za kazi. Na watumishi waliokuwa wamekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengine wao walikuta mashauri yao yakiondolewa kwa neno moja: mamlaka. Kwa hiyo barua ya kijana wa Kanada ni kioo, na tukitazama vizuri twaona nyuso zetu.

Basi twasema nini? Twasema mambo matatu, na twataka yasemwe kila mahali sheria za namna hii zinapotungwa.

La kwanza: mlango uliopokea mashtaka yasiyo yake uyapeleke wenyewe kwenye mlango wa haki, na siku ya kwanza aliyobisha mshtaki ndiyo ihesabiwe. Posta ikipelekewa barua ya mji mwingine haiitupi, huipeleka mbele. Je, kilio cha mtu ni duni kuliko barua?

La pili: mtu au ofisi yoyote isiwe bawabu wa mashtaka yanayoihusu yenyewe. Hili halihitaji ushahidi zaidi ya huo wa mwaka 2023.

La tatu: mlango utakaosema, "Hapa tu, wala si pengine," sharti uwe na nguvu ya kutazama desturi nzima ya mwajiri, na kufidia watu wengi kwa pamoja. Anayedai kuwa peke yake mwenye kisima hana ruhusa ya kutoa kikombe kimoja tu.

Nanyi wanachama, mnao ndugu ng'ambo na mnao hapa. Waandikieni. Waambieni kwamba siku ileile ya kudhulumiwa waandike tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, na majina ya waliokuwapo. Kabla ya kuuliza, "Nimtendee nini?" waulize, "Mwajiri wangu yuko chini ya sheria gani?" Ikiwa wamo katika chama cha wafanyakazi, wamwendee katibu siku hiyohiyo, kwa maana muda wa malalamiko ni mfupi kuliko muda wa mashtaka. Mwenye shaka juu ya mlango abishe yote miwili kabla mwaka haujaisha, na aeleze wazi kila upande kwamba amebisha na upande wa pili. Na jibu lolote asilipokee kwa mdomo, adai karatasi.

Kijana wetu amekwisha kuandika kuomba aongezewe muda, na Chama kimemsaidia kuipanga barua hiyo. Jibu likija tutalisoma mkutanoni, liwe zuri au baya. Maana wasiosoma barua za ndugu zao watashangaa siku watakapoandikiwa za kwao.

Wa salaam,
Sisi wa Halmashauri ya Chama.